Vyembe vya Bi Mwatum

Jumatatu alfajiri, Bi Mwatum alipomaliza kuswali akatoka uani na mswaki mdomoni, aliona matuta matatu ya muhogo wake yamefumuliwa. Udongo umetapakaa, majani yamelala, na vipande vya muhogo vilivyotafunwa nusu vimeachwa hapo kama shughuli ya watu wasio na adabu. Alivua kandambili, akapita tuta kwa tuta akihesabu mashina yaliyoliwa. Yalikuwa ishirini na saba. Akasema "Innalillahi" kwa sauti ya chini, maana muhogo ule haukuwa wa kula tu.

Mwaka uliopita binti yake, Salhiya, alikaa na uchungu siku mbili hospitali mjini. Bi Mwatum alikuwa kwenye benchi la nje, hana mume wa kumwegemea, kwa kuwa marehemu Mcha alishatangulia mwaka wa nne huo. Hapo kwenye benchi akaweka nadhiri: Mwenyezi Mungu akimtoa mwanawe salama yeye na kichanga chake, basi Ramadhani ijayo, mwezi mzima, futari ya muhogo ya msikitini itatoka kwake, na muhogo wenyewe ataulima kwa mikono yake. Mtoto akazaliwa ana kilio cha kuamsha wodi nzima. Na Bi Mwatum akarudi kwao kusini, upande wa Muyuni, akashika jembe. Muhogo wa kununua upo, na majirani wenye kutoa wapo, lakini maneno yalishamtoka: kwa mikono yake. Sasa Ramadhani ilikuwa imebakisha siku ishirini na mbili kufika.

"Wangapi?" aliuliza jirani yake, Bi Rukaiya, aliyekuja mbio na kanga moja.

"Kwato kubwa za mmoja, ndogo za watatu."

"Dume na wakeze watatu! Lo, hata nguruwe siku hizi wana mitara." Bi Rukaiya akainama kutazama nyayo. "Hawa watarudi, shoga yangu. Washaonja hawa."

Zamani jambo kama hili lisingemsumbua Bi Mwatum. Marehemu Mcha alikuwa msasi, na kijiji kilikuwa na kundi la watu wa msako, na mbwa wao na nyavu zao. Lakini wasasi wamezeeka, nyavu zimeoza darini, na vijana wote wako mahotelini. Bi Mwatum alifikiri hilo la mahotelini, akaingia ndani akachukua simu, akampigia Haitham.

Haitham alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na nane. Kazi yake, kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, ilikuwa kuwafundisha wageni kupiga mishale kwenye shabaha ya majani. Alikuja Jumanne na upinde mkononi, alioazima kwa ruhusa ya meneja wake, na furushi la mishale. Sheha wa kijiji naye alimwandikia ruhusa ya kupiga nguruwe waharibifu, kwa masharti: apige asubuhi kukishakuwa kweupe, awe juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, na mshale uelekee chini.

"Hicho ndicho unachowatishia Wazungu?" Bi Rukaiya alimuuliza.

"Bi Rukaiya, upinde huu kuuvuta ni ratili arobaini."

"Ratili arobaini za nini, sukari?"

Bi Mwatum hakucheka. Alikuwa ameutoa mshale mmoja, anaugusa ncha. Ilikuwa ncha butu, mviringo, kama ncha ya kalamu ya risasi iliyokwisha.

"Haitham, hii nguruwe atajikunia mgongo."

"Najua, mamkubwa. Hizi za shabaha. Zinafunguka kama skrubu, zinatiwa vyembe vya kweli, ncha za chuma. Ila hapa Unguja sijaona duka la vyembe. Inataka fundi."

"Basi kesho twende mjini tukamtafute fundi."

Fundi waliyeelekezwa alikuwa Mzee Mjaka, katika uchochoro nyuma ya Darajani, pale wanapouza misumari, bawaba na makufuli. Mzee Mjaka alikuwa mtu mnene, miwani yake imefungwa uzi, na kwa miaka arobaini alikuwa akifua kitu kimoja tu: vile vyuma vya mbuzi ya kukunia nazi. Vilining'inia ukutani kwa mamia, vyote vina meno, vinawaka.

"Shikamoo fundi," alisema Haitham, akamwonyesha picha kwenye simu. "Nataka vyembe vya mishale. Viko vya namna mbili. Hiki makali yake yamenyooka kama wembe. Hiki kina meno kama msumeno."

Mzee Mjaka hata hakuivuta simu karibu. "Marahaba. Cha meno."

"Mbona haraka hivyo, fundi?" aliuliza Bi Mwatum.

"Bibi, chukua nazi yako, ikune kwa kisu. Utakula wali kesho kutwa. Kisu hukwaruza, meno hushika yakararua. Hakuna kitu kigumu kinachofanywa na wembe ulimwenguni, ila ndevu."

"Nguruwe hakuniwi, Mzee Mjaka. Huyu anataka kupenywa."

Wauza misumari wakacheka. Mzee Mjaka naye akacheka, lakini akawasha moto kama mtu aliyetukanwa.

Akafua vya kujaribia, kimoja cha kila namna, kwa chuma cha springi ya gari, akavilehemu kwenye skrubu. Bi Mwatum alipewa kigoda akakaa, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliangalia mikono. Aliona chembe cha meno kinapigwa tupa ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, fundi akipuliza vumbi na kukiinua juani, akikitazama kama mtoto wake. Aliona na kile cha wembe kinapitishwa kwenye grenda mara mbili tu, huku na huku, kikatupwa kwenye ndoo ya maji. Alisogeza kanga yake akaendelea kuangalia.

Majaribio yakafanywa pale pale uchochoroni. Gunia likajazwa makumbi ya nazi, likatundikwa kwenye kiambaza, watu wakaombwa wasimame nyuma. Haitham akavuta. Chembe cha meno kilipasua gunia kwa mlio wa nguo inayochanwa, kikazama mpaka wano, ule mti wa mshale, likafika katikati. Cha wembe kikaingia kiganja kimoja kikakwama kwenye nyuzi.

"Meno! Meno!" walipiga kelele wauza misumari, utafikiri mpira.

"Umeona, mamkubwa?" Haitham macho yalimng'aa. Picha ya kile cha meno ilimkaa tangu mwanzo. Kilikuwa na sura ya kutisha, na kijana mwenye upinde hupenda kitu kiwe na sura.

"Nimeona."

"Sasa tumwambie afanye sita vya meno?"

"Vitatu na vitatu, fundi," alisema Bi Mwatum.

Mzee Mjaka akashusha miwani. "Bi Mwatum, huyaamini macho yako mwenyewe?"

"Nayaamini. Nimeona gunia. Na gunia halina ngozi wala manyoya."

"Haya, vitatu na vitatu. Lakini hivyo vya wembe utakuja kunirudishia, nivitie meno bure."

Alhamisi asubuhi, kumeshakuwa kweupe, Haitham alikuwa juu ya dungu na Bi Mwatum amekaa barazani na tasbihi yake, mlango wazi. Yule dume akatoka kichakani peke yake. Alikuwa mkubwa kuliko walivyokisia, na ametoka kugaagaa matopeni: ubavu wote umepakwa tope kama ukuta wa udongo.

Alipofika hatua kumi na tano, Haitham akamnong'oneza mamkubwa wake barazani, kana kwamba nguruwe hana masikio: "Mamkubwa! Nitaje Bismillahi? Si wa kuliwa huyu!"

"Kwani unakula kila unachotajia Bismillahi? Taja, upige!"

Akapiga na cha meno. Mshale ukamfika nyuma ya bega, pale pale panapotakiwa. Nguruwe akapiga ukelele, akaruka, akakimbia, na baada ya hatua kumi mshale ukaanguka wenyewe. Yeye akaingia kichakani na kichaka kikatulia.

Haitham akashuka. Wakautazama mshale ulipoanguka. Damu ilikuwa imefika vidole viwili, haikuzidi. Kati ya jino na jino mlijaa manyoya magumu na tope, mpaka meno yenyewe hayaonekani.

Bi Mwatum akaugeuza mshale kwa kijiti. Kisha akasema, "Kiumbe kimeondoka na jeraha, hakikufa na hakikupona. Hili silipendi, Haitham. Hata kwa nguruwe silipendi. Tumeamrishwa tukiua tuue vizuri, tunoe chuma, mnyama asiteswe. Haikusemwa ila nguruwe."

"Nimempiga pahala pake, mamkubwa. Wallahi nimempiga pahala pake."

"Nimeona. Si mkono wako."

Lakini kabla ya mazungumzo mengine palikuwa na jambo la twahara. Chembe kimeingia kwenye nguruwe. Hakiwezi kurudi ndani ya furushi, kugusa mishale mingine na mikono ya watu, mpaka kioshwe mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa udongo. Bi Mwatum akampa Haitham, kando ya kisima, dumu la maji, kopo, na kijiti cha kukishikia, akavuta mkeka akakaa mbali kidogo kusimamia.

Haitham akamimina. "Moja."

"Si moja. Unywele huo hapo, jino la tatu."

Akauchokoa kwa kijiti. Akamimina. "Moja."

"Na ule upande wa pili?"

"Mamkubwa, nshamimina mara mbili!"

"Najisi yenyewe itoke kwanza, ndipo hesabu inakwenda. Zote hizo bado ni moja. Chokoa."

Akachokoa kwa kijiti, akachokoa kwa mwiba wa mchongoma, unywele ukitoka hapa mwingine unatokeza pale. Bi Rukaiya alikuja na mswaki wake wa zamani. "Chukua, na huo sitaki kurudishiwa, hata ukioshwa kwa maziwa." Jua likapanda. Dumu la kwanza likaisha, la pili likaletwa. Ilipofika saba ya kweli ilikuwa karibu saa nne, na Haitham amelowa mpaka kiunoni.

"Mie nimesomea kupiga mishale," alisema. "Sikusomea udobi."

"Na hicho ni kimoja," alisema Bi Rukaiya. "Ukipiga vitatu utafuturu hapo hapo kisimani."

Bi Mwatum alicheka safari hii, akainuka. Akaingia ndani akatoka na jiwe la kunolea la marehemu Mcha na kikombe cha mafuta ya nazi. Akakichukua kimoja cha vile vyembe vya wembe.

"Hiki fundi hakukinoa," alisema.

"Mbona kinang'aa?"

"Kinang'aa kwa grenda. Alipoteza saa nzima kwa meno yake, hiki akakipitisha mara mbili akakitupa majini. Nilikuwa nimekaa pale, namwangalia."

"Na hukusema?"

"Mbele ya wateja wake? Yule mzee wa watu."

Akanoa kama anavyonoa kisu cha kuchinjia kuku, taratibu, upande huu na huu, akipima kwa ukucha. Alipomaliza akaachia uzi mmoja wa kanga uning'inie, akaupitishia chembe. Uzi ukakatika bila kutikisika.

"Haya. Sasa tujaribu tena, lakini si kwa gunia."

Wakapata kwa mchinjaji wa njia panda kipande cha ngozi ya ng'ombe, manyoya yake bado yapo. Wakaipaka tope, wakaifunga juu ya kigogo cha mgomba. Haitham akapiga kwanza na cha meno. Kikashika, kweli kilishika: kikashika manyoya, kikashika tope, kikasimama hapo kinaning'inia. Akapiga na cha wembe. Kikapita ngozi kama haipo, wano lote likazama kwenye mgomba, zikabaki nyoya za nyuma tu.

Haitham akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu akasema, "Labda cha meno kimekufa makali kwa jana na leo."

"Hilo ni neno la haki," alisema Bi Mwatum. "Kimoja tumekinoa na kingine hatukunoa. Noa na hicho, tusimdhulumu mtu."

Jiwe halikuingia kwenye meno. Kisu hakikuingia. Haitham akampigia simu Mzee Mjaka, akaiweka sauti ya juu.

"Fundi, meno tunayanoaje?"

"Hayanolewi!" sauti ilitoka kwa fahari. "Meno hupigwa upya, kwa tupa ya pembe tatu. Niletee."

"Darajani? Na nguruwe je?"

"Mwambie angoje."

Bi Rukaiya akashika mbavu. Bi Mwatum akasogea kwenye simu. "Mzee Mjaka, shikamoo. Hiki chako cha wembe nimekitia jiwe, Mashaallah kinakata. Chuma chako kizuri sana."

"Marahaba. Na cha meno?"

"Cha meno kwenye gunia hakina mfano. Ila nguruwe wetu hakuja amevaa gunia."

Wakasikia uchochoro mzima wa Darajani ukilipuka kwa kicheko upande wa pili wa simu, na Mzee Mjaka akiwafokea wanyamaze, kisha naye sauti ikamponyoka, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, Bi Mwatum. Umenishinda mbele za watu. Pigeni na hicho cha wembe, lakini mkimkosa, jina langu msilitaje."

Ijumaa na Jumamosi hakuja nguruwe. Bi Mwatum alianza kupata wasiwasi. Kila asubuhi alipita kwenye matuta, na kila asubuhi alihesabu tena mashina yaliyobaki dhidi ya siku za mwezi. Yalitosha, lakini yalitosha kwa shida. Nguruwe wakiingia mara moja tu tena, muhogo wa nadhiri ungekwisha kabla ya kumi la mwisho. Haitham alikuwa na ruhusa ya kazini mpaka Jumatatu.

Jumapili asubuhi wakaja wote, majike mbele, dume nyuma akichechemea kwa lile jeraha la bega. Majike wakaanza moja kwa moja kwenye tuta la nne. Bi Mwatum barazani akasikia muhogo unavyovunjika, akauma kanga yake. Haitham hakupiga. Alingoja dume ajitenge, asimame ubavu. Muhogo wa pili ukavunjika. Wa tatu. Bi Mwatum akafumba macho, akaanza kusoma.

Hakusikia mshale. Alisikia tu kitu kama pumzi, kisha miguu inakimbia, kisha kimya. Alipofumbua macho majike walishapotea, na dume alikuwa amelala chini ya ua wa mchongoma, hatua arobaini kutoka alipopigwa, hatikisiki. Mshale ulipita mwili mzima ukachoma ardhi upande wa pili.

"Mamkubwa!" Haitham aliita juu ya dungu, sauti imempanda kama mtoto. "Hakulia! Umeona? Hakulia hata!"

"Alhamdulillahi. Shuka polepole, usije ukajivunja shingo kwa furaha."

Damiani, mwashi kutoka bara aliyekuwa akijenga skuli ya kijiji, alikuwa ameshapata habari kabla ya jua kukaa sawa. Alikuja na baiskeli, kamba na tabasamu.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, Damiani. Mzigo wako uko kule kwenye mchongoma. Kamba yako, kisu chako, na njia yako isipite uani kwangu."

"Asante sana, mama. Nikishachoma nitakuletea—"

"Usiniletee kitu!" walisema Bi Mwatum na Bi Rukaiya kwa pamoja, na Damiani akaondoka akicheka peke yake njia nzima.

Haitham akauchomoa mshale kwa jani la mgomba, akauleta kisimani. Chembe kilikuwa na damu juu juu tu, hakina pa kufichia unywele. Akamimina, damu ikaondoka na maji. Udongo, maji, maji, Bi Mwatum akihesabu kwa vidole, na saba ikatimia kabla ya chai kuchemka. Haitham akabaki amelishika kopo, anangoja aambiwe kosa lake.

"Ndiyo hivyo, baba. Kwisha. Njoo unywe chai."

Majike hawakurudi, na mashina yaliyobaki, kwa shida, bado yalitosha mwezi. Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, Bi Mwatum aling'oa mashina ya tuta la kwanza lililobaki, akamenya, akakata, akapika kwa tui zito. Haitham, aliyekuja kufunga mwanzo wa mwezi kwa mamkubwa wake, akalichukua sufuria kichwani mpaka msikitini. Alirudi baada ya magharibi, sufuria likilia tupu ubavuni mwake.

"Wamesemaje?"

"Wamekula hawakusema kitu. Kisha Imamu akauliza muhogo huu umetoka shamba gani, mbona mtamu hivi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia shamba hili hata nguruwe walikuwa wakilisifu, Sheikh, ila ndimi zao zilikuwa ndefu mno."

"Mbele ya Imamu! Haitham!" Bi Mwatum alitaka kumgombeza, lakini kicheko kilimshika, ikabidi aketi kwenye mbuzi ya nazi mpaka kimpite. Halafu akachukua nazi mbili akaanza kuzikuna za kesho, kwa kuwa siku moja ilikuwa imekwisha na zilizobaki zilikuwa ishirini na nane, au ishirini na tisa, Mungu ndiye ajuaye mwezi utakavyoandama.